Oili ya injini ya boti: kipimo cha gari hakitoshi

Fundi aliyejifunza kazi kwenye magari akihamia kwenye boti hukuta mengi anayoyajua. Pistoni ni zile zile, filta ni ile ile, na dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ina alama mbili kama ya gari. Kwa hiyo huchomoa, hufuta, hurudisha na kuchomoa tena. Akiona oili haijagusa alama ya juu, huongeza. Hapo ndipo injini nyingi zinapoanza kuharibika. Gari hupimwa likiwa sakafuni pa gereji, pametulia tambarare. Boti iko ufukweni, omo (mbele) juu na tezi (nyuma) chini, au inaelea imebeba madumu upande mmoja. Oili hufuata mwinamo, na alama ya dipstiki husema kweli pale tu injini inapokaa kama alivyokusudia aliyeipiga alama hiyo.

Kabla ya kushika kitambaa, ijue mashine uliyo nayo. Zile za mipigo miwili, zinazochanganyiwa oili na petroli, hazina dipstiki wala oili ya kukaa sampuni, yaani kwenye bakuli la oili chini ya injini. Nyingine zina tangi dogo la oili pembeni ambalo unaliangalia kwa macho. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 za petroli hupokea mililita 400 za oili. Mashine mpya huhitaji zaidi kwa saa za mwanzo, na kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho. Chagua oili yenye maandishi TC-W3, alama ya oili ya mipigo miwili ya injini za boti. Ile ya pikipiki, hata kama ni ya mipigo miwili, haikutengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji, nayo huacha masizi kwenye plagi na pistoni.

Injini ya kupachika, ile inayofungwa nyuma ya boti, ikiwa ya mipigo minne ndiyo yenye dipstiki. Boti ikivutwa pwani, injini huinuliwa, na oili huhama sampuni ikatapakaa sehemu nyingine. Ukipima hapo hapo, au mara tu baada ya kuishusha, utaona pungufu ambayo haipo. Ishushe isimame wima, uiache kwa dakika 10 hivi. Na wima huo ni wa timazi. Usiulinganishe na boti, kwa sababu boti yenyewe imeinama na mchanga. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kando ya mguu wa injini, utazame kama uzi na mguu vinakwenda sambamba. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla ya kuwasha. Futa dipstiki kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe, usome. Oili ikiwa popote kati ya alama mbili, inatosha. Hakuna cha kuongeza.

Nasisitiza hilo kwa sababu wapo manahodha wengi wanaojaza kupita alama ya juu wakiita akiba ya safari. Si akiba hata kidogo. Oili ikizidi, kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, huipiga na kuitoa povu. Pampu sasa inavuta oili yenye hewa ndani yake, shinikizo linashuka, na beringi zinasuguana kavu huku sampu imejaa. Nyingine hupita kwenye bomba la kupumulia ikaingia njia ya hewa, utaona moshi wa buluu. Kwenye dizeli hatari ni kubwa zaidi: injini inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe, ikapanda mzunguko bila kushikika. Kukata mafuta ya dizeli hakusaidii, maana injini haiyategemei tena. Huzimwa kwa kuzibwa njia ya hewa. Kwa hiyo ukizidisha, ipunguze kabla ya kuwasha. Ni kazi ya dakika chache na bomba jembamba la kunyonyea.

Kwenye injini za ndani, hasa zile za dizeli zilizong'olewa kwenye magari na kufungwa ndani ya mashua, kuna tatizo ambalo hata mafundi wazoefu hawaliangalii. Injini hufungwa ikiinamia tezi ili shafti itoke vizuri kuelekea kwenye propela. Oili yote inajikusanya upande wa tezi. Dipstiki ikiwa upande wa omo, itaonyesha kidogo kuliko kilichomo, na mwenye chombo atazidisha. Ikiwa upande wa tezi, itaonyesha kingi, naye ataendesha na pungufu akidhani mambo ni sawa. Tuseme mwinamo ni nyuzi 10 na dipstiki iko sentimita 20 kutoka katikati ya sampu. Oili hapo itasoma tofauti kwa sentimita tatu na nusu hivi. Kwenye injini ndogo nyingi, nafasi yote kati ya alama ya chini na ya juu haifiki hapo. Maana yake dipstiki ile, kama ilivyotoka kiwandani kwa ajili ya gari, haikuambii kitu.

Dawa yake hufanywa mara moja tu. Chombo kikiwa majini na mzigo wake wa kawaida, injini ikiwa na moto kidogo, mwaga oili yote na ubadilishe filta. Kama kitabu kinataja kiasi cha chini na cha juu, pima kwa chombo chenye alama za lita, weka kwanza kile cha chini. Washa kwa dakika chache ili filta ijae, zima, subiri dakika 10, soma, kisha piga alama yako kwa tupa, kijikwaruzo tu, usiikate dipstiki. Ongeza mpaka kiasi cha juu, upige alama ya pili. Zile za zamani zifute kwa msasa ili kijana atakayepima kesho asichanganyikiwe. Uliza pia injini yako inaruhusiwa kuinama nyuzi ngapi, kwa sababu ikiinama mno, bomba la pampu linaweza kubaki juu ya oili hata kama kiasi ni sahihi.

Sasa kinyume chake, ambacho watu hukifurahia badala ya kushtuka: oili inayopanda bila kuongezwa. Injini haizalishi oili. Kuna kitu kimeingia. Boti zinazokokota mishipi ya nguru na jodari kwa mwendo wa pole kutwa nzima, huku maji yakiipoza injini, haziipi moto wa kutosha; petroli hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka sampuni. Nusa dipstiki, utaijua. Oili hiyo ni nyepesi mno, ibadilishe. Kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ni maji, na yakiwa ya chumvi hayasubiri wikendi. Mwaga siku hiyo hiyo, utafute yalikopitia: gasketi, kipoza oili, au bomba la moshi. Ukiwa na shaka tu, usiwashe asubuhi. Weka kikopo chini ya nati ya kumwagia oili, uilegeze taratibu. Maji yakilala usiku kucha hukaa chini, hivyo matone ya kwanza ndiyo yatakayokujibu.

Neno moja kuhusu king'ora cha oili. Kimewekwa kulia shinikizo likiwa limeshashuka, kwa hiyo hakichukui nafasi ya kupima. Hata hivyo tunaona boti ambazo waya wake umekatwa kwa sababu kelele ziliudhi. Urudishwe.

Mguu wa injini ya kupachika una oili yake ya gia, nayo husahaulika kabisa. Una nati mbili, moja chini na moja juu. Injini ikiwa wima, oili hujazwa kupitia tundu la chini mpaka itokee juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, ndipo uchomoe bomba na kufunga la chini haraka, kwa washa mpya, yaani kipete cha kuzuia mvujo. Ukijaza kutokea juu unafungia hewa ndani. Oili ikitoka na weupe weupe, vua propela. Mara nyingi utakuta nyuzi za nyavu zimejiviringisha kwenye shafti na kuikata sili, ule mpira unaozuia maji kuingia. Kabla ya kununua sili mpya, ondoa nyuzi zote na upitishe kidole kwenye shafti: kama umejichimba mfereji, sili mpya nayo itavuja.