Kisima kirefu ndo maji safi? Tuongee ukweli

Huku kwetu Mbeya mtu akishachimba kisima kirefu basi kamaliza, maji yanatoka chini huko, ya baridi, meupe, nani atamwambia kitu. Kina kinasaidia kweli kwenye vijidudu, choo cha jirani hakifiki kirahisi, ila yale maji yamekaa ndani ya miamba miaka na miaka yakiyeyusha kilichomo. Na miamba yetu mnaijua, Rungwe ni volkano, Ngozi ni volkano, tupo kwenye Bonde la Ufa, Songwe maji yanatoka ardhini ya moto yenyewe. Maeneo ya hivi ndo floraidi hupatikana sana, yaani madini ya kwenye miamba ambayo yakizidi kwenye maji yanaharibu meno na mifupa.

"Aah, sisi tunachemsha." Hii ndo inanichosha kuliko zote. Floraidi siyo mdudu jamani, haifi! Weka lita 3 jikoni, kila lita ina miligramu 2, yachemke mpaka zibaki lita 2, umeondoa mvuke tu, sasa kila lita ina miligramu 3, na kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita. Vidonge vya klorini navyo hivyo hivyo, kazi yake vijidudu basi.

Wengine wanasema hayo mambo ya Arusha, wenye meno ya kahawia. Sawa, kaskazini kumezidi, lakini visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutoa majibu tofauti kabisa, kwa hiyo cheti cha jirani hakikuhusu. Halafu usiseme mbona mimi nakunywa na meno yangu safi, madoa yanaingia jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya ufizi, utotoni, ndo maana anayeumia ni mwanao siyo wewe uliyehamia ukubwani. Wewe ukinywa yaliyozidi sana miaka mingi itakuja kwenye mifupa.

Eti sumu ingejulikana kwa ladha. Maji ya chuma, yale mekundu, yanachafua mashuka na kila mtu anayakimbia wakati mara nyingi ni kero tu. Floraidi na aseniki, sumu nyingine inayotoka kwenye miamba, kwa viwango vya visimani huzioni wala huzionji. Bangladesh walichimbiwa visima vya bomba kuanzia miaka ya 1970 ili watoto wasife na kuhara, miaka ya 1990 ndo ikaja kujulikana vingi vina aseniki, ya asili kabisa, hakuna kiwanda kilichomwaga.

Kwa hiyo pima. Chukua chupa ya plastiki safi, isuuze na maji yale yale, peleka maabara ya maji na useme wazi unataka floraidi na aseniki, maana kipimo cha vijidudu ni kingine. Floraidi ikizidi, maji ya kunywa na kupikia ya watoto kinga ya mvua, huku mvua tunayo bwana, ya kisima fulia. Kichujio cha mishumaa, ile ya udongo, hakiishiki floraidi. Mkaa wa mifupa unaishika, siyo huu wa kuchomea mahindi, na wenyewe unachoka, usipobadilisha unakuwa unachuja bure tu.