Ngata ya Herakles

Aliyewahi kuchota maji kisimani anaijua kazi ya ngata. Bila kile kitambaa kilichoviringwa, ndoo inakula utosi na njia fupi inakuwa ndefu. Ndiyo maana nikiwaonyesha wanafunzi wangu picha ya bamba la Atlas, jiwe lililochongwa kutoka hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, kule Olympia, Ugiriki, huwa sisemi kitu kwanza. Nawaacha waangalie. Haupiti muda, mmoja atasema: "Mwalimu, mbona kajiwekea ngata!"

Kweli kajiwekea. Herakles, shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyepewa kazi 12 ngumu, anaonekana kwa ubavu, mikono juu, na kati ya mabega yake na mzigo kuna mto uliokunjwa. Anachobeba ni mbingu. Mwenye mzigo wake, Atlas, alikwenda kumchumia matufaha ya dhahabu ya Hesperides, mabinti walioyalinda, na sasa amerudi, kanyoosha mikono yote miwili: haya, pokea. Apokee kwa mkono upi? Nyuma ya Herakles amesimama Athena, mungu wa kike, ameinua mkono mmoja tu, kiganja wazi, kama mtu anayezuia mlango usijibamize. Shujaa anahitaji mwili mzima na ngata juu yake. Mungu anahitaji kiganja.

Ila mbingu haikuchongwa. Juu ya mto ule kuna ukingo wa bamba basi, na zamani juu ya ukingo huo kulikuwa na paa la hekalu. Mchongaji, ambaye jina lake hatulijui, aliuacha uzito wa jengo uwe ndiyo mbingu. Hilo hulioni vizuri makumbusho, bamba likiwa limetundikwa ukutani peke yake. Sanaa hii ilifanywa kwa ajili ya mahali, na ukiiondoa pale, nusu ya maneno yake inabaki nyuma.

Hekalu lilijengwa na Libon wa Elis, nchi iliyoizunguka Olympia, kati ya takriban mwaka 470 na 457 KK, nguzo 6 mbele na 13 ubavuni. Jiwe lake ni la hapohapo, chokaa iliyojaa magamba ya konokono na chaza. Aliyezoea kuta za matumbawe za Gedi au Kilwa ataitambua tabia yake: lina vitundu, halikubali kung'arishwa, kwa hiyo likapigwa lipu nyeupe. Marumaru ya kisiwa cha Paros waliiweka kwa sanamu. Mabamba ya Herakles yalikuwa 12, kila moja na kimo cha mita 1.6 hivi, sita juu ya ukumbi wa mbele na sita juu ya ule wa nyuma. Hayakukaa nje ya jengo. Ilikupasa upite nguzo za nje ndipo uinue shingo.

Sasa, katika kazi zote 12, ninayoipenda mimi ni ile ambayo wachongaji na wachoraji wa Kigiriki waliikwepa: kusafisha zizi la Augeas lililojaa samadi, kwa kuupitishia mto ndani. Samadi haina sura. Simba ana manyoya, nyoka wa Lerna ana vichwa, samadi utaichongaje? Lakini Olympia hawakuweza kuiruka, kwa sababu Augeas alikuwa mfalme wa Elis, na Waelis ndio waliokuwa wenyeji wa hekalu. Wakaiweka upande wa mbele. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyeyaona mabamba yakiwa bado juu, anaandika kwamba Herakles pale anawasafishia Waelis ardhi yao. Kwenye bamba Herakles anasukuma kwa nguvu zote mti mrefu ulioshikwa mshazari, na Athena, kofia ya vita kichwani, anamwelekeza mahali, mfano wa msimamizi wa kibarua. Wengine huona fagio. Mimi naona mtaimbo: mwenye kutaka kuleta mto ndani ya zizi hafagii, anavunja ukuta.

Mto upi, hapo waandishi wa kale hawakubaliani. Apollodoros, mkusanyaji wa hadithi za kale, anataja Alpheios na Peneios, Pausanias anautaja Menios. Alpheios unapita Olympia penyewe. Na hadithi haikuishia kwenye usafi. Augeas alikataa kulipa ujira, Herakles akarudi na jeshi, akamuua, na kwa mujibu wa mshairi Pindar ngawira ya vita hiyo ndiyo aliyoanzishia michezo ya Olympia, kando ya kaburi la Pelops, shujaa mwingine wa hadithi. Kwa hiyo mwanariadha aliyeinua macho kwenye bamba lile alikuwa anaona kisa cha deni la kibarua kilichomleta yeye pale.

Matetemeko ya karne ya 6 BK yaliliangusha hekalu. Mwaka 1829 Wafaransa walichimba wiki chache, wakaondoka na vipande vya mabamba ambavyo hadi leo viko makumbusho ya Louvre. Athena aliyeketi mwambani peku akipokea ndege wa Stymphalos yuko Paris, na Olympia wameweka nakala ya plasta. Wajerumani walipoanza mwaka 1875, chini ya Ernst Curtius, mkataba uliosainiwa mwaka uliotangulia ulikuwa umeshasema kila kitakachopatikana kibaki Ugiriki. Tofauti ya miaka 46 ndiyo inayoeleza kwa nini Herakles mmoja ana mwili uliogawanywa nchi mbili.

Walichimba mita kadhaa za tope. Sehemu kubwa, wachimbaji walisema, ni ya mto Kladeos, ule mdogo unaoungana na Alpheios si mbali na hekalu. Kwenye pembetatu ya paa upande wa mashariki, anasema Pausanias, mito hiyo miwili ilichongwa kama wanaume waliojilaza, mmoja kila pembe, wakitazama Pelops akijiandaa kwa mashindano ya magari ya farasi. Aliyelala kushoto amekatika kichwa. Wa kulia ni kijana, kajiinua kwa mikono, shingo kaigeuza kutaka kuona kinachoendelea, na uso wake umehifadhika vizuri. Huyo ndiye Kladeos.