Je, wajua kwa nini beringi mpya huweza kufa siku ileile inapofungwa?

Gari la zamani limebadilishwa beringi ya tairi ya nyuma, limetoka gereji kimya, na kabla mwezi haujaisha mvumo umerudi. Unapanda kadiri mwendo unavyopanda, na ukikata kona kushoto unazidi upande wa kulia, kwa kuwa uzito umehamia huko. Mwenye gari analaumu duka kwamba limemuuzia feki. Feki zipo, tena nyingi. Lakini mara nyingi beringi ilikuwa nzima dukani, na iliyoiua ni nyundo.

Beringi ina ringi mbili, ya ndani na ya nje, na kati yake gololi zinazotembea kwenye mfereji. Gololi ni ya duara, kwa hiyo inaugusa mfereji kwenye kieneo kidogo mno, na mzigo wote wa upande ule wa gari unapita hapo. Chuma chake kimeandaliwa kwa kazi hiyo: kina kaboni takriban asilimia 1 na kromi takriban asilimia 1.5, kisha kinatiwa ugumu kwa moto. Hata hivyo kina kikomo. Viwango vya kimataifa huhesabu kwamba beringi iliyosimama imefika ukomo wa mzigo pale mbonyeo wa kudumu, wa gololi na mfereji kwa pamoja, unapokaribia sehemu moja ya elfu kumi ya kipenyo cha gololi. Kwa gololi ya milimita 10, hiyo ni sehemu moja tu ya elfu ya milimita. Jicho halioni, kidole hakihisi.

Sasa chukua beringi inayokaza kwenye shafti, uipige nyundo kwenye ringi ya nje. Ringi hiyo haishiki kitu, kwa hiyo pigo linapita kwanza kwenye gololi ndipo liifikie ringi ya ndani, na gololi zinabonyeza mfereji. Wahandisi wameziita alama hizo kwa jina la Johan August Brinell, Mswidi ambaye mwaka 1900 alionyesha namna ya kupima ugumu wa chuma kwa kukikandamiza kwa gololi. Gari likitembea, gololi zinapita juu ya vijishimo hivyo maelfu ya mara kwa dakika. Kingo zinamomonyoka, chembe za chuma zinaingia kwenye grisi, na mvumo unaanza.

Kwa hiyo inayosukumwa ni ringi inayokaza, basi. Kwenye Toyota Hilux za zamani zenye ekseli nzima nyuma, beringi inakaza kwenye shafti, hivyo bomba au presi, yaani mashine ya kukandamiza, iegemee ringi ya ndani. Kwenye magari mengi yanayovutwa na tairi za mbele, beringi inaingia kwa nguvu ndani ya chuma kinachobeba habu, yaani kitovu ambacho tairi hufungwa, kwa hiyo inasukumwa ringi ya nje. Halafu inafuata hatua ambayo mafundi wengi huipuuza: habu inapoingizwa, ringi ya ndani lazima iegemezwe kutoka nyuma. Isipoegemezwa, nguvu ya presi inapita kwenye gololi, na kazi nzuri ya mwanzo imeharibika.

Joto husaidia kuliko nguvu. Ringi yenye tundu la milimita 40, ukiipasha moto kwa nyuzi 80 zaidi, inapanuka karibu milimita 0.04, na mara nyingi hiyo inatosha kuifanya iteleze yenyewe kwenye shafti. Ila moto wa gesi usielekezwe kwenye beringi: sehemu moja inaungua, ugumu unapotea, na mihuri ya mpira inayoyeyuka haina dawa.

Gari la zamani lina tatizo lake la ziada, nalo ni shafti iliyolika. Ringi inaingia kwa mkono, na fundi anaipigia shafti vidoti kwa senta panchi, chuma chenye ncha kali kinachogongwa kwa nyundo, ili ikaze. Mimi siikubali kazi hiyo hata kidogo. Ringi inakaa juu ya ncha za vidoti tu, ncha zinalala baada ya muda, na ringi inaanza tena kuzunguka juu ya shafti. Shafti hiyo ipelekwe kwa mkereza ajaze na kuikereza upya, au itafutwe nyingine.

Na kama spea ya gari lako haipatikani tena, safisha beringi kuukuu usome namba yake kabla hujaitupa. Zilizo nyingi zina vipimo vya kawaida vya dunia nzima. Kwenye 6206, tarakimu mbili za mwisho, 06, unazidisha kwa 5 kupata tundu la milimita 30. Kipenyo cha nje ni milimita 62 na unene 16. Herufi 2RS ni mihuri ya mpira pande zote mbili, na ZZ ni vifuniko vya bati. Ukikuta C3, maana yake ina nafasi kubwa zaidi ya kawaida kati ya gololi na ringi, kwa sababu ikishakazwa na kupata joto nafasi hiyo hupungua. Muuzaji akikupa isiyo na C3 akisema ni zilezile, mrudishie.