Gari limegonga: kipi kinanyooshwa, kipi kinatupwa

Kila baada ya mashindano ya mbio za magari ya wikiendi, video inayozunguka WhatsApp ni ya gari linalobingirika. Vumbi juu, matairi juu, milango inaruka, halafu dereva anatoka dirishani anapungia watu mkono. Mimi video hizo hazinitishi sana. Gari linalobingirika linamaliza mwendo wake kidogo kidogo, hapa linaacha bampa, pale linaacha tairi, na mpaka linalala limeshasafiri mita nyingi. Ninaloliogopa ni gari ambalo hakuna aliyelipiga video: limetoka barabarani taratibu tu, likagonga kichuguu, likasimama palepale. Boneti imekunjika kidogo. Dereva kashuka mwenyewe, anasema yuko fiti, anauliza kama tunaweza kulirudisha barabarani kabla ya kesho.

Hesabu yake ni fupi. Gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa linakwenda mita 20 kwa sekunde. Likisimama ndani ya mita moja, mwili wa dereva unabeba kama mara 20 ya uzito wake. Likisimama ndani ya nusu mita, ni mara 40. Kichwa cha mtu mzima pamoja na helmeti ni kama kilo sita, kwa hiyo kwa muda huo mfupi shingo inazuia mzigo wa kilo 240. Na kichuguu cha mchwa kilichopigwa jua miaka kadhaa hakibonyei. Hakina tofauti na nguzo ya zege, ila nguzo unaiona kwa mbali, wakati kichuguu kimejificha kwenye majani. Wenzake ni mitaro ya pembeni na kingo za makalavati.

Kazi yangu ni bodi na keji, ile fremu ya mabomba ya chuma inayowazunguka waliomo ndani, za magari ya mbio hapa Arusha, na siku moja kabla ya mashindano huwa naitwa kusaidia ukaguzi. Magari ninayoyaona mengi ni Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution za miaka mingi, mali ya watu wenye duka, shamba au kampuni ya utalii, wanaokimbia kwa pesa zao wenyewe. Hakuna timu nyuma yao, hakuna mhandisi. Gari likigonga, mwenye gari anakuja na orodha yake: boneti, taa, bampa, fenda, rangi. Vyote hivyo ni vitu ninavyoweza kuvinyoosha au kuvipata vya mtumba. Vile ambavyo vilifanya kazi ya kumwokoa, ambavyo kwa kawaida ndivyo vilivyomalizika, havimo kwenye orodha, kwa sababu ukivitazama vinaonekana vizima.

Tuanze na mikanda, maana hapo ndipo ninapogombana na watu zaidi. Mkanda wa mbio umetengenezwa uvutike kidogo unapozuia mwili, ili mwili usikatishwe ghafla. Ukishavutika kwa nguvu ya ajali, nyuzi zake hazirudi zilivyokuwa, na safari nyingine hazitavutika vilevile. Wakati mwingine dalili ipo: mistari inayong'aa pale mkanda ulipopita kwenye kifungio, kama uliopigwa pasi ya moto, au mshono ulioachia uzi mmoja mmoja. Mara nyingi hakuna dalili yoyote. Ndiyo maana baada ya ajali ya kweli sijadili, mkanda unatoka. Hata bila ajali una umri wake: lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, iwe ya kiwango cha zamani cha 8853/98 au kipya cha 8853-2016, imeandikwa mwaka wa mwisho wa matumizi, na umri huo ni miaka mitano. Jua letu haliongezi siku. Gari linaloegeshwa uani mwaka mzima, vioo vimefungwa, mikanda yake inakauka bila kutumika hata mara moja.

Halafu kuna ulivyofungwa. Kanuni za FIA zinataka mikanda ya mabega ishuke kwenda nyuma kwa pembe isiyozidi digrii 45 kutoka usawa, na zinashauri isizidi digrii 10. Bado naona magari ambayo mikanda ya mabega imevutwa moja kwa moja hadi sakafuni nyuma ya siti, kwa sababu pale palikuwa na tundu la bolti. Gari likigonga, mwili unakwenda mbele, mkanda unavuta mabega kwenda chini, na uti wa mgongo unabanwa katikati. Mkanda wa kiunoni nao ukae kwenye mifupa ya nyonga, chini kabisa. Ukikaa tumboni, kitakachozuia mwili mzima ni utumbo. Wanaume wenye vitambi hawapendi kuambiwa hili, lakini kipimo ni mfupa, na mfupa hata wao wanao.

Helmeti ni habari fupi zaidi. Ndani yake kuna povu gumu linalopondeka mara moja tu. Likishapondeka, ganda la nje linaweza kuwa halina hata mkwaruzo. Ikigonga keji, imemaliza kazi. Na helmeti ya pikipiki, hata ya bei mbaya, si helmeti ya gari: zenye alama ya SA za Snell, taasisi inayopima helmeti, hupimwa kwa moto na kwa kugongwa na chuma cha keji, wakati za pikipiki zenye alama ya M hazipimwi hivyo. Siti nayo usiiamini kwa kuitazama kitambaa. Ivue nguo, mulika tochi kwenye ganda la faiba upande wa mbavu na pale linapofungwa bolti. Ufa wa unywele unatosha kuitupa. Vishikizo vyake viwe vya chuma cha milimita tatu au zaidi, bolti nne za milimita nane, na bamba la kuzuia chini ya sakafu. Nimeshaona siti ya gharama kubwa imefungwa kwa washa mbili kwenye bati tupu.

Kola ya kuzuia shingo, hii inayoitwa HANS, ina historia inayotuhusu sisi wa ridhaa kuliko watu wanavyodhani. Wengi hudhani ni kitu kilichotoka Formula One. Kilianzia kwenye magari ya michezo ya Marekani. Mwaka 1981 dereva Patrick Jacquemart alikufa kwenye uwanja wa Mid-Ohio kwa kuvunjika fuvu sehemu ya chini, pale kichwa kinapokaa juu ya shingo. Jim Downing, dereva mwenzake, akamwendea shemeji yake Robert Hubbard, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan aliyesomea jinsi mwili unavyopokea mshtuko. Mwili ulikuwa umefungwa vizuri na mikanda, kichwa kikabaki huru. Hubbard akatengeneza kola inayobanwa mabegani na mikanda yenyewe, na kamba mbili fupi zinazokishika kichwa kisiruke mbele peke yake. Kwa miaka mingi madereva wengi waliikataa, kubwa mno, inasumbua, inabana. Tarehe 18 Februari 2001 Dale Earnhardt, nyota wa mbio za NASCAR za Marekani, akafa kwenye mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, fuvu limevunjika sehemu ileile. Oktoba ya mwaka huohuo NASCAR wakalazimisha kifaa cha kuzuia kichwa na shingo, na Formula One wakailazimisha HANS mwaka 2003.

Sasa, kola hiyo inabanwa na mikanda ya mabega. Rudi kwenye mkanda uliofungwa sakafuni au uliolegea: kola inateleza, na pesa uliyotoa imekuwa ya kupigia picha. Vitu hivi vinafanya kazi pamoja, kimoja kikidanganya vyote vimedanganya.

Keji ndiyo kazi ninayoipenda, na ndiyo inayonikosanisha na mafundi wenzangu. Kanuni ya FIA, Kiambatisho J kifungu cha 253, iko wazi: bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye nguvu isiyopungua 350 N/mm². Tao kuu nyuma ya vichwa liwe la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine ya msingi yawe 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Neno la kushika hapo ni "lisilo na mshono". Bomba la maji la dukani lina mshono kwa ndani, na likipigwa hupasuka kwa kufuata mshono huo. Limepakwa zinki pia, ambayo inaharibu kichomeleo na moshi wake unamwumiza anayechomelea. Bado watu wananiletea, wanasema ni nene, tazama. Ndiyo, ni nene. Na chini ya mguu wa keji kuwe na bamba la milimita tatu, lenye eneo la sentimita za mraba 120, vinginevyo gari likitua kwa paa mguu unatoboa sakafu kama sindano na keji yote inashuka juu ya kichwa chako.

Baada ya ajali keji haitengenezwi kwa kunyooshwa. Bomba lililopinda limeshatumia nguvu yake pale lilipopinda, na ukilirudisha kwa jeki au kwa moto unapata bomba linalofanana na la zamani ila litakalopinda mapema zaidi mahali palepale. Kama keji imejengwa na fundi, nakata bomba zima kutoka kiungo hadi kiungo na kuweka jipya. Kama ni keji iliyothibitishwa yenye kibao cha mtengenezaji, hata hilo siruhusiwi kulifanya kwa uamuzi wangu: kanuni inasema marekebisho baada ya ajali yafanywe na mtengenezaji au kwa idhini yake, na kuchomelea au kutoboa kitu chochote juu yake kunaifuta. Mtu anatoboa tundu moja la kufungia kamera, basi, keji haina hati tena.

Bodi sasa. Hapa ndipo ninapokuwa mpole, maana bati laini linasamehe. Karakana ambayo haina jigi, ile meza ya kupimia na kunyooshea bodi, bado ina timazi, chaki na futi kamba. Naliweka gari juu ya stendi kwenye sakafu iliyo sawa, nashusha timazi kutoka kwenye matundu ya kiwandani chini ya gari, natia alama ya chaki kila inapogusa, nalitoa gari, kisha napima pembe kwa pembe. Mistari miwili ya mshazari ikitofautiana milimita mbili tatu, tunaendelea. Ikitofautiana sentimita moja na nusu, gari limekuwa kama sanduku lililokaliwa upande, na hata ukiweka boneti mpya halitakwenda moja kwa moja. Kabla ya kupima huwa natembea kwa vidole: mawimbi madogo kwenye paa karibu na nguzo za nyuma, rangi iliyopasuka kwenye maungio, nukta za kuchomelea za kiwandani zilizoachia kuzunguka pale shokapu inapofungwa kwa juu. Ajali ya mbele inaweza kujiandika nyuma kabisa.

Magari mapya zaidi yana tatizo jingine. Nguzo na fremu zake ni chuma cha nguvu ya juu, na moto wa gesi unakilainisha. Fundi aliyezoea magari ya miaka ya tisini anapasha moto, anagonga, linanyooka vizuri, anapiga puti na rangi. Pale alipopasha sasa ni chuma cha kawaida. Kipande cha namna hiyo kinabadilishwa kwa kufuata maelekezo ya kiwanda, na kama hakipatikani, bodi ile imekufa. Ninasema hivyo mbele ya mwenye gari, na wengine hulihamishia kwa fundi mwingine siku hiyohiyo.

Vitu vya chini nisivipe nafasi kubwa: krosimemba, tairodi, reki ya usukani, bomba za breki na za petroli, tenki. Kilichopinda kibadilishwe, na kisichoonekana kimepinda kipakwe rangi ya kutafutia nyufa. Swichi kuu ya kukata umeme ijaribiwe injini ikiwa inaunguruma, siyo imezimwa. Ikikata na injini isizime, haijakata.

Kuna kitu kimoja ambacho hakipimwi na timazi. Dereva aliyepata mshtuko wa kichwa anaweza kuongea vizuri, kutania, kuomba soda. Baada ya saa moja anauliza swali lilelile mara ya tatu, au mwanga unamkera, au anataka kulala. Huyo anakwenda kwa daktari na harudi garini siku hiyo, hata gari likiwa tayari. Kanuni za mashindano mengi zinamruhusu aliyetoka kurudi siku ya pili baada ya gari kukaguliwa upya, na nafasi hiyo ndiyo inayotufanya tukeshe tukichomelea. Mimi siku hizi namtazama mtu kwanza, ndipo naangalia kama nitawasha mashine.

Watu huniuliza waanze kununua nini kama pesa ni ya awamu. Mikanda mipya iliyofungwa sawasawa na siti nzima, halafu kola na helmeti ya gari, halafu keji kama iliyopo ina shaka. Turbo na rimu zitasubiri. Na kila nilichokitaja zidisha kwa mbili, kwa sababu msoma ramani ndiye mara nyingi anayekalia siti ya zamani ya dereva na kufunga mikanda ya zamani ya dereva, wakati yeye ndiye aliyeinamisha kichwa kwenye daftari na hakioni kichuguu kinachokuja. Mikanda ninayoitoa naikata vipande kwa mkasi mbele ya mwenye gari, maana isipokatwa huwa naikuta kwenye ukaguzi unaofuata, upande wa kushoto wa gari la mtu mwingine.