Bimu ya prestresi sio ya kutoboa ovyo

Wiki hii tena kaja mtu ofisini kwetu, tunaokagua majengo, na kesi ileile. Bomba la maji machafu limekosa njia, fundi kaweka drili chini ya bimu, katikati kasikia pa! (kebo ya chuma iliyo ndani imekatika) akaendelea tu, kesho yake kuna ufa. Anatuuliza plasta itatosha? Haitoshi jamani, plasta sio dawa ya hiyo.

Zege ukilikandamiza halina neno, ukilivuta linapasuka mapema, uwezo wake wa kuvutwa ni kama moja ya kumi ya ule wa kukandamizwa. Ndo maana kwenye bimu ya prestresi, kiwandani kebo za chuma zinavutwa kwa jeki kwanza, zege linamwagwa, likikomaa kebo zinaachiwa na kwa vile zinataka kurudi urefu wake zinalibana zege. Kebo moja ya nyuzi 7, kipenyo milimita 15.2, inavutwa kwa nguvu ya karibu tani 20. Moja tu hiyo! Na imekaa humo imevutika hata jengo likiwa tupu.

Kuna wanaodhani ukivuta zaidi bimu inabeba zaidi, sijui hii imetoka wapi. Mzigo wa kuivunja unategemea zaidi chuma chenyewe na zege, kuvuta kunachelewesha nyufa na kupunguza kunepa. Freyssinet, injinia wa Kifaransa aliyesajili hataza yake ya prestresi 1928, aling'ang'ania chuma kikali kwa sababu nondo laini zege likisinyaa mvuto unapotea karibu wote. Na wale mnaoleta picha bimu imenyanyuka katikati, mara nyingi ndo inavyotakiwa, msiichonge!

Shimo pia linaingiza maji. Daraja la prestresi la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka 1985 bila dalili yoyote, kebo zilikuwa zimeliwa na kutu kwenye maungio.

Utaratibu sasa. Unaleta barua na mchoro wa jengo kama lilivyojengwa kweli, sio ule wa kuombea kibali, injinia aliyesajiliwa anasaini, bimu inapigwa skana ya rada, njia za kebo zinachorwa kwa chaki pande zote, ndo drili inawekewa kizuizi isizidi kina kilichoandikwa. Ukitoboa bila kibali kazi inasimamishwa, chini ya bimu panafungwa, ukaguzi na jaribio la mzigo unalipia mwenyewe, na hati ya kuruhusu jengo litumike tunaishikilia mpaka ripoti itoke. Ripoti nakala 3, zote zimesainiwa kwa wino, ukileta 2 zinarudi.

Kama umeshakata, usifunike. Toa watu, injinia aje asimamie kuweka egemeo chini ya bimu, tupigie. Na ile ncha ya waya iliyochomoza msiisage ionekane nadhifu, tunataka kupima imerudi ndani kiasi gani.