Piano Kuukuu: Si Kila cha Kale ni Dhahabu

Wiki hii pekee wateja wawili wameniambia: "Fundi, piano hii ya babu ina miaka zaidi ya mia. Si ndiyo thamani yake imepanda?" Hapana. Haikupanda.

Wanaoamini hivyo huwa wanaifikiria fidla. Fidla za Stradivari zina miaka 300 na bado zinapigwa, basi piano nayo eti huiva kwa umri. Lakini fidla ina nyuzi nne. Piano ya kusimama ina nyuzi 200 na ushei, na kwa pamoja huivuta fremu kwa nguvu ya tani 15 au zaidi, usiku na mchana, hata kama hakuna anayeipiga. Nyuzi hizo zimekazwa kwa vigingi vya chuma vilivyopigiliwa kwenye ubao, na kinachovishika humo ni msuguano tu. Huku kwetu Mombasa masika huuvimbisha ubao, kaskazi huukausha, na kwa miaka matundu yanalegea.

Juzi nilivika ufunguo wa kutyuni, yaani wa kukaza nyuzi ili sauti ikae sawa, kwenye kigingi cha piano ya kanisa, nikakizungusha kwa vidole viwili. Hakikukataa. Nilipokiachia kikarudi chenyewe, na sauti ikashuka nacho taratibu. Piano hiyo haishiki tyuni hata aje fundi gani, mpaka vigingi ving'olewe viwekwe vinene zaidi, au ubao wenyewe ubadilishwe. Mara nyingi gharama hiyo hupita bei ya piano nzima iliyotumika. Na inaniuma, kwa sababu waumini walikuwa wameshachanga pesa za msasa na vanishi. Nawasihi: vigingi kwanza, vanishi mwisho.

Wateja wana hoja nyingine pia. "Vitufe vyote vinalia, kwa hiyo ni nzima." Kulia ni jambo moja, kukaa kwenye sauti ni jingine. Piano iliyoshuka sauti kwa nusu toni ukiivuta juu kwa pupa, nyuzi zenye kutu hukatika.

"Vitufe ni vya pembe za ndovu, huo ni utajiri." CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo mwaka 1989. Pembe nyingi zilipitia Zanzibar karne ya 19 kwenda viwanda vya vitufe vya Connecticut, Marekani. Historia hiyo ni nzito, lakini haikuongezei bei.

"Weka bakuli la maji ndani isikauke." Pwani? Unalisha kutu.

Zipo ninazozifufua kwa moyo mkunjufu: vigingi vimekaza, fremu haina ufa, mchwa hawajaingia, na kilichochoka ni sufu ya nyundo tu. Hata ya bibi yako iliyochakaa nitaishika, mradi unajua unalipia kumbukumbu. Ila siku nikija usiniache peke yangu sebuleni. Nitakupa ufunguo, ukizungushe kigingi kwa mkono wako.