Kwa nini kompyuta hukuuliza "Una uhakika?"

Unafuta faili. Kidirisha kinaruka: "Una uhakika unataka kufuta?" Kidole kinabofya Ndiyo kabla jicho halijafika kwenye alama ya kuuliza. Ndipo moyo unashtuka: siyo faili ile! Sasa swali lilisaidia nini?

Kuna makosa ambayo mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, huyatambua wenyewe. Programu ikiomba faili isiyokuwepo, kiini cha mfumo huirudishia namba tu. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, 2 maana yake faili haipo, 13 maana yake huna ruhusa. Kazi ya kuigeuza namba hiyo kuwa maneno ya binadamu ni ya programu, na zipo programu zinazoifanya kazi hiyo ovyo kabisa. Ndiyo maana wakati mwingine unaambiwa tu "kuna hitilafu", basi.

Lakini kufuta faili yako mwenyewe si kosa. Amri ni halali, ruhusa unayo. Ulichokusudia ndicho kitu ambacho mfumo hauna njia ya kukijua, kwa hiyo unakurudishia swali wewe.

Unix, mfumo endeshi ulioanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, haikuwa na subira hiyo. Amri yake ya rm kwa kawaida hufuta kimyakimya. Kihariri chake cha maandishi, ed, ukikosea kinakujibu kwa alama moja: ? Kosa gani? Jitafutie. Ukitaka kutoka bila kuhifadhi kazi, kinakupa ? ileile, ukirudia amri, kinakuachia uende. Hiyo nayo ni "una uhakika?", ila ya bahili.

Baadaye mambo yakageukia upande wa pili. Windows Vista, iliyoingia sokoni Januari 2007, iliomba idhini kila programu ilipotaka kugusa sehemu nyeti za mfumo. Skrini ilififia, na si kwa mapambo: kidirisha kilihamishiwa eneo la pekee ambako programu nyingine haiwezi kukubofyia Ndiyo kwa hila. Ulinzi mzuri, lakini watu waliulizwa mno hadi wakawa wanakubali bila kusoma. Windows 7, mwaka 2009, ikapunguza maswali hayo.

Shida ya swali hili ni kwamba linakuja mapema mno. Kabla ya kufuta, una uhakika kweli! Kosa hugundulika baadaye. Kwa hiyo kwangu mimi dawa hasa ni pipa la taka, ambalo kompyuta ya Apple Lisa ilikuwa nalo tangu 1983, na Windows ikaliweka mwaka 1995. Faili inahamishwa tu, unaweza kuirudisha. Hata pipa likimwagwa, kwenye diski za sumaku mfumo kwa kawaida hufuta kumbukumbu ya mahali faili ilipo na kuitangaza nafasi hiyo kuwa wazi; data yenyewe hubaki hadi iandikiwe juu.

Penye hatari isiyo na kurudi, swali linabidi liwe gumu. Kwenye Linux, ukiiamuru rm ifute mfumo mzima kuanzia mzizi, yaani folda ya juu kabisa inayobeba nyingine zote, siku hizi inakataa katakata. Ukitaka kweli, lazima uandike kwa mkono wako, herufi kwa herufi: --no-preserve-root, yaani "usiulinde mzizi".